Baiskeli Isiyokwenda Popote

Mama yangu alistaafu ukunga siku ya Ijumaa, na kufikia Jumatatu alikuwa ameshamaliza kupumzika. Alifua mapazia, akapanga upya makabati, akamwekea Baba ratiba ya kunywa maji. Alhamisi Baba, ambaye ni fundi cherehani na hufanyia kazi zake barazani kwetu, aliniita pembeni akaninong'oneza, "Mwanangu, mtafutie mama yako shughuli. Leo amenipima presha mara tatu, na mara zote nilikuwa mzima."

Shughuli ilijileta yenyewe. Kigoda cha jikoni kililegea mguu. Mama akakibeba hadi mtaa wa pili, kwa seremala ambaye watu wote humwita Fundi Kamili. Jina hilo alijipa mwenyewe. Karakana yake ilikuwa na msumeno wa umeme, randa ya umeme na mashine ya kukereza ya umeme, na ukutani misumeno ya mkono ilitundikwa kwa kimo kama wanafunzi kwenye mstari. Alikipokea kigoda kwa vidole viwili. Kikakaa kwake mwezi mzima. Mama alipokwenda mara ya nne kukiulizia, alikikuta palepale alipokiacha, kimebebeshwa kopo la rangi.

"Basi niazime patasi nikakitengeneze mwenyewe," alisema Mama.

Fundi Kamili alicheka. Si kwa ubaya, lakini alicheka. "Mama yangu, useremala ni vifaa. Asiye na vifaa si seremala, ni mpasua kuni."

Mama alirudi na kigoda chake kwapani, mdomo ameubana. Tukajua. Mama akiubana mdomo namna ile, kuna jambo litazaliwa, litake lisitake.

Alianza na stoo. Alitoa magunia, ndoo zilizotoboka, na kile kitanda cha chuma ambacho kila mwaka tulisema tutakitengeneza. Akalaza mlango wa zamani juu ya mapipa mawili, akasema hiyo ndiyo meza ya kazi. Kisha vitu vya nyumbani vikaanza kuhama kimoja kimoja. Tupa kuukuu ya marehemu babu ilinolewa kwenye jiwe siku tatu mfululizo mpaka ikawa patasi kali ya kuweza kunyolea ndevu. Mpini wake ulikuwa mwiko wetu mkubwa wa jikoni. Chuma kimoja cha mwavuli wangu kilipondwa ncha kikawa cha kutobolea matundu, na nilipouliza mwavuli wangu uko wapi, niliambiwa, "Mvua iko wapi?"

Mbao zikishapakwa gundi, maseremala huzibana kwa jiliwa za chuma mpaka zikauke. Mama hakuwa na jiliwa. Alimwomba fundi baiskeli mipira ya ndani iliyochakaa, akaikata vipande virefu, akauviringishia mguu wa kigoda kama anayefunga mguu wa mtu aliyevunjika. "Bandeji ni bandeji," alisema. Misumari midogo aliishikilia kwa koleo lake la hospitali ili asijigonge vidole, na aligonga kwa jiwe la kusagia viungo, kwa sababu nyundo yetu ilikuwa imeazimwa na mtu ambaye hatumkumbuki.

Kigoda kilisimama. Baba alikikalia kwa tahadhari, akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto, akasema, "Lo!" Halafu akauliza futi yake ya kupimia nguo iko wapi, maana kuna mteja amesimama barazani tangu asubuhi, mikono ameinua.

Tungeweza kuishia hapo. Lakini Mama alikuwa ameonja. Baada ya kigoda alitengeneza rafu, baada ya rafu sanduku la nyuzi za Baba, na baada ya sanduku akataka miguu ya mviringo, ile inayokerezwa ikapata viuno na vifundo. Ndipo jicho lake likatua kwenye baiskeli ya Baba, ile aliyokuwa akipelekea wateja nguo zao.

"Naiazima siku mbili tu," alisema.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi. Nataka kukereza."

"Baiskeli inakereza?"

"Gurudumu lake linazunguka au halizunguki?"

"Linazunguka."

"Basi."

Baba akanitazama mimi. Nami nikatazama dari.

Alikifanya kitanda kile cha chuma kuwa fremu. Baiskeli akaifunga juu yake kwa waya, gurudumu la nyuma likining'inia, tairi limevuliwa. Mkanda mrefu wa mpira, aliokata kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, ulitoka kwenye rimu ukaenda kwenye kigurudumu kidogo cha mbao alichochonga kwa mkono. Kigurudumu kile kilishikwa na bolti iliyopita katika beringi mbili za toroli bovu. Mtu akikanyaga pedali, bolti inazunguka kwa kasi, kipande cha mti kilichobanwa mbele yake nacho kinazunguka, na Mama anakisogezea patasi. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Siku ya majaribio Baba ndiye aliyepanda. Alikanyaga taratibu, Mama akasema ongeza, akaongeza, Mama akasema ongeza. Fremu ikaanza kutetemeka, kitanda kikalia kama mbuzi, na kile kipande cha mti kikachomoka, kikapita juu ya kichwa changu, kikatoka mlangoni, kikatua ndani ya beseni la wanga ambamo Baba alikuwa ameloweka kola za mashati ya mchungaji. Baba alishuka. Aliziokota kola moja moja, akaenda kukaa barazani, na hakusema na sisi mpaka saa ya kula.

Mama hakukata tamaa hata kidogo. Alikwenda chumbani akarudi na kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, alichokitumia miaka thelathini na mitatu. Akaniambia nizungushe pedali kwa mkono, polepole. Akaweka kipembe juu ya beringi ya kulia, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Akahamia ya kushoto. Uso ukabadilika.

"Hii ina mapigo mawili," alisema. "Kama si pacha, basi imelegea."

Ilikuwa imelegea. Aliibana kwa vipande vya bati la kopo la maziwa, na kuanzia siku hiyo mashine ikanyamaza, ikawa inanguruma tu kama paka aliyeshiba.

Habari zilifika mtaa wa pili. Tulisikia kwamba Fundi Kamili anawaambia wateja wake kuwa kwa mzee cherehani kumefunguliwa hospitali ya mbao, na wagonjwa wanalazwa. Mama aliposikia, aliuliza tu, "Amesema hivyo?" na akaendelea kupiga msasa.

Sasa, shule ya chekechea iliyokuwa ikijengwa karibu na kisima ilitangazwa kufunguliwa. Mwalimu mkuu wake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, alimpa Baba kazi ya kushona sare arobaini, mbili kwa kila mtoto. Viti ishirini vya watoto, vyenye miguu ya mviringo, alimpa Fundi Kamili, maana ndiye mwenye mashine. Siku ya kufungua ilikuwa Jumatatu. Jumatano kabla ya hapo, mashine ya kukereza ya Fundi Kamili ilitoa moshi mwembamba, ikakohoa, ikasimama. Kipande kimoja ndani yake, kisichozidi ukubwa wa biskuti, kilikuwa kimepasuka. Waliomuuzia walimwambia kitafika baada ya wiki tatu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naosha vyombo nilipomwona Fundi Kamili anachungulia mlango wa nyuma, aproni yake safi, mifuko ya suruali imejaa spana.

"Hodi wenyewe. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu," alisema Mama kutoka stoo.

"Nimepita tu kumjulia hali mzee."

"Mzee yuko barazani. Umepita mlango wa jikoni kumjulia hali mtu aliye barazani?"

Fundi akajikohoza. Macho yake yalikuwa yameshaingia stoo kabla ya miguu. Aliitazama baiskeli, akatazama kitanda, akatazama kopo la maziwa.

"Hiki ndicho… chombo chenyewe?"

"Ndicho."

"Na kinakereza?"

Mama alimrushia mguu wa meza aliomaliza jana yake. Fundi aliudaka, akaupitisha kidole gumba, akafumba jicho moja akaukagua kwa urefu, akaugeuza na kuukagua tena kama anayemtafuta chawa. Hakumpata. Aliuweka mezani. Kisha akakivuta kile kigoda cha jikoni, akakikalia bila kukitambua.

"Mama, mashine yangu imekufa."

"Pole sana. Imeacha watoto?"

"Imeacha miguu themanini."

Niliinamisha uso kwenye sufuria ili asinione. Mama alifuta mikono kwa tambara, akamsogelea.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekupokea ulimwenguni. Unajua?"

"Mama, hilo tuliache…"

"Ulitanguliza miguu. Mama yako alikuwa amechoka, na koleo nililolitaka limefungiwa kabatini, mwenye ufunguo kaenda harusini. Unajua nilikutoa kwa kifaa gani?"

"Sijui, na naomba nisijue."

"Kwa taulo, na mikono hii. Ningesema asiye na vifaa si mkunga, leo ungekuwa wapi?"

Fundi Kamili aliitazama sakafu. Hakuwa mtu mbaya, nilimwona masikio yakimgeuka rangi. "Nilikosea kinywa, mama," alisema. "Nisamehe."

"Nimeshasahau," alisema Mama, ambaye kwa wiki sita hakuwa amezungumza jambo lingine. "Leta mbao. Mimi nitakereza. Wewe utaendesha."

"Niendeshe nini?"

Mama akaonyesha tandiko la baiskeli.

"Mzee ndiye…"

"Mzee ana sare arobaini. Panda."

Alipanda. Na hapo ndipo ilipoonekana kwamba mama yangu hajui kuongoza kazi ya mtu anayetoka jasho isipokuwa kwa njia moja tu.

"Sukuma!" alipiga kelele, patasi ikiuma mti. "Sukuma, baba, sukuma! Vizuri! Sasa acha. Usisukume. Pumua kwa mdomo. Hah, hah, hah. Haya, sasa sukuma tena, usinibanie!"

Wapita njia walisimama. Mama mmoja mjamzito aliyekuja kuchukua gauni lake kwa Baba aliondoka haraka bila kulijaribu. Wateja wa Fundi Kamili nao walianza kuchungulia uani, mmoja baada ya mwingine, kumwona mtu wa mashine za umeme amekaa juu ya baiskeli iliyofungwa kitandani, shati limelowa, anakimbia bila kusogea.

"Fundi, safari ya wapi?" aliuliza muuza mkaa.

"Chekechea," alijibu Fundi, akihema.

"Utafika?"

"Nikijaliwa, Jumatatu."

Kufikia saa kumi tulikuwa na miguu arobaini na sita. Mimi nilipiga msasa mpaka alama za vidole zikataka kufutika. Fundi aliposhuka, miguu yake mwenyewe ilikataa kunyooka, akatoka uani amechuchumaa nusu, lakini chini ya kwapa amebeba miguu minne. Alisema anakwenda kuijaribu kwenye vikalio, ambavyo vilikuwa tayari kwake. Jumapili alirudi mapema na kiti kimoja kilichokamilika. Alikuja kwa mlango wa mbele.

Siku hiyo kazi ilikwenda vizuri zaidi. Walikuwa wameshazoeana, Mama akiinua nyusi tu, Fundi anapunguza. Alianza hata kumpa ushauri, shika patasi chini kidogo, egemeza kiwiko, na Mama, ambaye mimi sijawahi kumshauri akakubali, aliegemeza kiwiko. Mguu wa sitini na tisa ulipomalizika, tukasikia mlio kama wa kofi. Mkanda wa mpira ulikuwa umekatika.

Mama aliuokota, akauvuta. Haukuwa umekatika tu. Kipande cha urefu wa mkono kilikuwa kimeoza, ukikivuta kinamomonyoka. Akakikata chote. Uliobaki haukutosha kuzunguka. Nikakimbia kwa fundi baiskeli, nikakuta kufuli. Nikapita kwa gereji, kufuli. Jumapili. Niliporudi nilimkuta Mama amekaa juu ya pipa, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu alionekana mtu wa umri wake.

"Imebaki kumi na mmoja," alisema. "Viti vitatu havina miguu. Watoto watatu watakaa chini, siku yao ya kwanza."

Fundi Kamili alikuwa amesimama katikati ya stoo, akitazama huku na huku. Nilidhani anatafuta kifaa. Kisha mikono yake ikashuka kiunoni. Alifungua mkanda wake wa suruali, mkanda mpana wa ngozi, zawadi ya mkewe, akauchomoa wote kwa mvuto mmoja. Akaupima kwenye pengo la mpira.

"Unatosha," alisema. "Na zaidi."

"Baba, huo ni mkanda mzuri," alisema Mama.

"Mzee!" aliita Fundi. "Njoo na sindano yako nene!"

Baba aliacha sare ya thelathini na nane. Aliuchunguza mkanda kwa huzuni ya fundi anayejua bei ya ngozi, kisha akakata bizimu, akaunganisha ngozi na mpira kwa uzi uliopakwa nta, mshono juu ya mshono. Ukavishwa. Fundi akapanda tandikoni, akishikilia suruali kwa mkono mmoja, kwa kuwa spana mifukoni zilikuwa zinaivuta chini. Akakanyaga. Mkanda ukazunguka. Kila mshono ulipopita kwenye kigurudumu ulisema *tap*, lakini ulipita.

Tulikuwa kwenye mguu wa sabini na sita pale sauti ya kengele ilipolia mlangoni. "Jamani, wenyewe mpo? Nimefuata sare zangu!"

Mwalimu mkuu aliingia uani kabla hatujajibu. Akamwona Fundi Kamili juu ya baiskeli. Akasimama.

"Fundi? Nimetoka kwako, karakana imefungwa. Viti vyangu viko wapi?"

"Shikamoo, mwalimu," alisema Fundi, akiendelea kukanyaga.

"Marahaba. Mbona hata husimami kusalimia?"

"Kazi hii, mwalimu, ikisimama inaharibika."

Mwalimu mkuu alimgeukia Mama, mwenye patasi mkononi na maranda kwenye nywele, kisha akageukia rundo la miguu. "Kwa hiyo karakana yako ndiyo hii?"

"Kwa leo… tumehamia huku. Kwa ajili ya… hewa." Alikanyaga mara mbili tatu. Nilimwona anamtazama Mama. Mama hakubana mdomo. Alikuwa anauangalia mti unavyozunguka. Fundi akaacha kukanyaga. Mashine ikapunguza, ikapunguza, ikanyamaza.

"Mwalimu, nimesema uongo," alisema. "Mashine yangu ilikufa tangu Jumatano. Miguu yote ameikereza mama huyu, kwa chombo hiki alichokiunda mwenyewe. Mimi nimekanyaga tu."

Na kwa kuwa jambo kama hilo halisemwi umekaa, akashuka kusimama mbele ya mwalimu kwa heshima. Suruali haikushuka naye kwa heshima hiyo hiyo. Ilishuka peke yake, spana zikatangulia. Baba, ambaye maisha yake yote amekuwa akiwahi suruali za watu, aliwahi na hiyo: aliidaka magotini akiwa na pini mdomoni, akaipandisha, akaibana nyuma kwa pini nne, na akasema bila kuinua kichwa, "Simama wima. Usivute pumzi."

Mwalimu mkuu alikuwa amegeuka kuangalia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alipotugeukia tena uso ulikuwa wa kazi. Alikichukua kile kiti kimoja kilichokamilika, akakiweka chini, akakikalia. Akakikalia kwa uzito wake wote, akajisukuma mbele, akajisukuma nyuma, akainuka na kukaa tena kwa kishindo. Sisi wanne tuliacha kupumua. Kiti hakikutoa hata sauti.

"Mwanafunzi wangu mzito kuliko wote hafikii hata uzito wa paja langu," alisema. "Maliza iliyobaki, mama. Kesho saa moja unusu."

Jumatatu asubuhi, baada ya Fundi kukesha akiunga miguu kwenye vikalio, tulivipakia viti ishirini kwenye mkokoteni, tukavisukuma mpaka shuleni. Njia nzima Mama na Fundi Kamili walibishana kuhusu vanishi, mmoja anataka ya kung'aa na mwingine anasema ya kung'aa inaficha makosa. Fundi alivaa suruali nyingine, yenye mikanda ya mabegani. Baba alitufuata kwa miguu, sare arobaini begani, akiuliza kila hatua baiskeli yake itarudi lini.

Tulivipanga viti darasani mistari minne. Mwalimu mkuu akafungua mlango na watoto wakaingia kama maji. Kwa dakika moja nzuri kila mmoja alikaa. Halafu kitoto kimoja cha kike kikasimama, kikapindua kiti chake miguu juu, kikaingia katikati ya miguu, kikashika miwili ya mbele kama usukani na kuanza kunguruma. Kabla mwalimu hajafika kwake, magari kumi na tisa mengine yalikuwa barabarani.

"Viti hivyo!" alipiga kelele Fundi Kamili dirishani. "Wanavivunja!"

Mama alimshika mkono wa shati. Alivitazama kwa muda, watoto wakivivuta miguu, wakiegemea, wakigongana.

"Subiri kwanza tuone kama vitavunjika," alisema.

Tulisimama pale dirishani mpaka kengele ya mapumziko. Havikuvunjika.